Jinsi ya Kutambua Spishi Mpya ya Minyoo Duara wa Mchanga wa Pwani: Mwongozo Kamili

Wanafunzi wengi wa sayansi za bahari hukwama mahali pale pale. Mtu anachota mchanga, anapata minyoo tele, anapekua funguo za utambuzi wiki nzima, kisha anatangaza kwamba amepata spishi mpya. Msimamizi akiweka slaidi chini ya hadubini anakuta kinda asiye na viungo vya uzazi, tena amenywea na kujikunja, kichwa hakionekani. Hapo hakuna cha kujadili.

Wengi hudhani wameshindwa kwa sababu hawana vitabu vya kutosha. Kwa niliyoyaona, vitabu huchangia kidogo sana. Mchezo huharibika mapema zaidi, pale mnyoo anapouawa, anapotolewa maji mwilini na anapolazwa kwenye kioo. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa muda mrefu kwenye maandalizi, na mambo mengine utayapitia haraka.

Tunazungumzia nematodi, yaani minyoo duara, wanaoishi huru katikati ya chembe za mchanga na tope la bahari. Wale wa tumboni wana taratibu zao.

## Vifaa

Vya pwani

- Neli ya plastiki yenye kipenyo cha ndani cha sm 3.6. Neli hii inachukua eneo la sentimita 10 za mraba, kipimo kinachotumiwa na tafiti nyingi, hivyo idadi zako zitalinganishika na za wengine. Ukiikosa, bomba la sindano la ml 60 lililokatwa ncha linatosha.
- Chupa zenye mdomo mpana, ndoo, simu yenye GPS, kipimajoto na kipima chumvi.
- Karatasi ngumu na penseli. Lebo inaingia ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli, na sampuli isiyo na lebo ni mchanga tu.

Vya maabara

- Chekeche ya mm 1 na nyingine ya maikromita 45 au ndogo zaidi.
- Magnesiamu kloridi, formalini, ethanoli ya asilimia 96, gliserini safi isiyo na maji, na Ludox (kimiminika kizito chenye chembe ndogo sana za silika) kama utafanya kazi ya tope.
- Mchanganyiko wa DESS kwa ajili ya DNA: DMSO asilimia 20, EDTA 0.25 M, pH 8, na chumvi ya kawaida iliyotiwa mpaka ikakataa kuyeyuka.
- Hadubini ya kuchambulia, na hadubini ya nguvu yenye lenzi ya mafuta ya 100x. Ukipata yenye DIC, mfumo wa mwanga unaoonyesha wazi vitu angavu, shukuru.
- Oveni inayotulia kwenye nyuzi 40, desiketa (chombo chenye kifuniko cha kukaushia vitu), silika jeli, nta ya parafini na kipande cha bomba la shaba chenye kipenyo cha kama mm 15.
- Ukope mmoja ulionatishwa kwenye ncha ya kijiti. Usicheke, hakuna sindano inayookota mnyoo wa milimita moja vizuri kama ukope.

Vibali. Tanzania Bara kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, Kenya na NACOSTI, na Zanzibar ina utaratibu wake. Ndani ya hifadhi za bahari kama Mafia au Watamu unahitaji ruhusa ya ziada. Kama DNA au sampuli zitavuka mpaka, Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki, inakuhusu. Shughulikia haya kabla ya kuchota, kwa sababu jarida linaweza kukudai nakala ya kibali siku unapowasilisha makala.

## Hatua ya 1: Chagua mahali na maji

Nenda siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Sehemu ya chini ya ufukwe, ile inayokauka kwa saa chache tu, ina minyoo wengi na wa aina nyingi kuliko juu kwenye mchanga mkavu. Siku za maji mafu sehemu hiyo haifunuki.

Aina ya mchanga huamua utakutana na nani. Kwenye tope laini la mikoko utapata minyoo wembamba wengi wanaofanana, wagumu kwa anayeanza. Kwenye mchanga mkubwa wa matumbawe, kama ule wa pwani ya mashariki ya Unguja, utakutana na maumbo ya ajabu, wakiwemo Epsilonematidae na Draconematidae wanaotembea kwa kujikunja na kujinyoosha. Ushauri wangu ni kuanza na mchanga wa ukubwa wa kati. Husafishika kirahisi.

Andika papo hapo saa, majira-nukta ya GPS, joto, chumvi, na kina ambacho mchanga unageuka mweusi na kunuka mayai viza. Hilo tabaka jeusi lisilo na oksijeni lina wakazi wake, na mhakiki atakuuliza mnyoo wako alitoka juu au chini yake.

## Hatua ya 2: Chota

Shindilia neli wima hadi sm 10, ziba juu kwa kiganja, chomoa. Chota neli kadhaa hatua chache kutoka moja hadi nyingine. Kwenye mchanga mkubwa unaopitisha maji upesi, minyoo hushuka chini maji yakipwa, hivyo chimba zaidi mpaka ukutane na unyevu.

Kusudi lako hapa si kuhesabu. Unataka madume na majike wazima wengi wa spishi moja, na neli moja haitoshi. Chota zaidi ya unachodhani unahitaji, maana kurudi mahali pale pale baada ya miezi sita na kukuta mnyoo yule yule ni bahati.

## Hatua ya 3: Gawa sampuli mara mbili, kisha ua

Nusu ya sampuli ni ya umbo, nusu ni ya DNA. Kosa linalojirudia ni kutia zote kwenye formalini. Formalini huhifadhi umbo vizuri lakini huharibu DNA kiasi cha kutotegemewa.

Nusu ya umbo. Kwanza legeza minyoo kwa magnesiamu kloridi: gramu 75 za fuwele zake katika lita moja ya maji baridi yasiyo na chumvi. Mimina juu ya mchanga, subiri dakika 10. Mnyoo aliyelegea huachia chembe za mchanga na hufa akiwa amenyooka. Kisha tia formalini ya asilimia 4 iliyopashwa moto hadi nyuzi 60.

Formalini ya dukani ina takriban asilimia 37 hadi 40 ya formaldehidi. Ili kupata asilimia 4, changanya sehemu moja ya formalini hiyo na sehemu tisa za maji ya bahari yaliyochujwa. Kuna wanaopunguza mara mbili kwa kutoelewana kwenye lebo, na minyoo yao huoza taratibu ndani ya chupa.

Onyo: mvuke wa formalini husababisha saratani, na ukipashwa moto ni mkali zaidi. Fanya kazi hii kwenye kabati la kufyonza hewa, ukiwa na glavu na miwani. Jiko la nyumbani si mahali pake.

Nusu ya DNA. Tia DESS kwa wingi, angalau sawa na ujazo wa mchanga. Sampuli hukaa bila friji, jambo la maana sana ukiwa Pemba au Lamu umeme unakatika.

## Hatua ya 4: Tenga minyoo na mchanga

Kwa mchanga, njia ya kumimina inatosha. Weka sampuli kwenye chupa ya lita moja, jaza maji, pindua mara kadhaa, subiri sekunde chache tu mchanga ukae chini, kisha mimina maji ya juu kupitia chekeche ya mm 1 iliyokaa juu ya ile ya maikromita 45. Rudia mara 5 hadi 10. Ukisubiri mno minyoo wanazama pamoja na mchanga, na ukiharakisha mchanga unaingia kwenye chekeche.

Kwa tope la mikoko unahitaji Ludox yenye uzito mahususi wa 1.18. Changanya na mashapo kwenye mirija ya sentrifyuji, zungusha, na minyoo wataelea juu huku tope likikaa chini. Rudia mara tatu kwa mashapo yale yale.

Onyo: osha sampuli vizuri kwa maji baridi yasiyo na chumvi wala formalini kabla Ludox haijagusa chochote. Ikikutana na chumvi hugeuka kitu kama uji mzito, na hutawatoa minyoo humo.

Je, umefaulu? Chukua kijiko cha mchanga uliobaki, angalia chini ya hadubini ya kuchambulia. Ukiona minyoo bado wengi, rudi nyuma.

Jambo moja zaidi: usitie rangi ya Rose Bengal kwenye sampuli unayotaka kuielezea kitaalamu. Inasaidia kuhesabu, lakini waridi lake hufunika amfidi (viungo vya kunusia vya kichwani) na vinyweleo, yaani vile vile unavyovitafuta.

## Hatua ya 5: Okota wazima, acha makinda

Mimina kwenye sahani ya petri na upitie mstari kwa mstari. Kwa ukope, mnyanyue mnyoo kutoka chini kuelekea juu ya maji. Atanasa kwenye ukope akifika usoni pa maji.

Panga kwa macho kwanza: warefu wembamba, wafupi wanene, wenye mkia mrefu, wenye mkia butu. Mzima hujulikana kwa viungo vya uzazi. Jike ana tundu la uzazi katikati ya mwili au nyuma kidogo, mara nyingi na mayai ndani. Dume ana spikula, vijisu viwili vilivyopinda karibu na mkundu. Asiye na kimojawapo ni kinda, na kinda hafai kuwa msingi wa spishi mpya.

## Hatua ya 6: Kutoa maji na kuingiza gliserini

Hapa ndipo wengi huanguka. Gliserini humfanya mnyoo awe angavu na adumu miaka, lakini ni nzito. Ukimtoa mnyoo kwenye maji na kumtumbukiza moja kwa moja kwenye gliserini, maji yanatoka mwilini haraka kuliko gliserini inavyoingia. Mnyoo ananywea na ngozi inajikunja. Ukimpima unapata upana wa uongo, na uwiano wote unaoutegemea unakuwa wa uongo pia.

Njia ya Seinhorst ya mwaka 1959 bado haijapitwa:

1. Andaa mchanganyiko wa kwanza: ethanoli ya asilimia 96 sehemu 20, gliserini sehemu 1, maji sehemu 79. Weka minyoo humo kwenye kijibakuli cha kioo.
2. Kiweke kijibakuli ndani ya desiketa yenye ethanoli ya asilimia 96 chini yake, kwenye oveni ya nyuzi 35 hadi 40, usiku mzima, angalau saa 12. Mvuke wa ethanoli unaingia kijibakulini huku maji yakitoka polepole.
3. Toa kijibakuli, ongeza mchanganyiko wa pili: ethanoli ya asilimia 96 sehemu 95, gliserini sehemu 5. Weka kwenye oveni ya nyuzi 40, umefunikwa nusu ili mvuke utoke, kwa saa 3 au zaidi. Ongeza tena kidogo kidogo kila unapopungua.
4. Ethanoli ikiisha kuvukiza, minyoo wamebaki kwenye gliserini tupu. Wahamishie desiketa yenye silika jeli.

Hatua ya mwisho isirukwe, hasa kwetu. Hewa ya Dar, Mombasa au Unguja ina unyevu mwingi, na gliserini hufyonza unyevu. Kijibakuli kikiachwa wazi mezani usiku mmoja, kazi imerudi nyuma.

Umeme ukikatika katikati ya hatua ya pili usihangaike. Uvukizi unapungua kasi tu. Funga mlango wa oveni, ongeza muda umeme ukirudi.

Dalili ya kufaulu ni mnyoo mwenye umbo la bomba, kingo mbili sambamba, utumbo unaonekana ndani. Mwenye mikunjo, au aliyebonyea katikati, mtupe. Ukimhurumia atakudanganya baadaye.

## Hatua ya 7: Slaidi isiyomponda mnyoo

Pasha mdomo wa bomba la shaba, ugusishe kwenye nta, upige mhuri wa duara juu ya slaidi. Tone dogo la gliserini likae katikati, mnyoo azamishwe mpaka aguse kioo. Weka vipande vitatu vya nyuzi za kioo vyenye unene wa karibu sawa na mnyoo, kuzuia kifuniko kisimkandamize. Shusha kifuniko, weka juu ya bamba la moto mpaka nta iyeyuke, ondoa mara moja.

Tone likiwa kubwa hupasua duara la nta, likiwa dogo huacha kiputo cha hewa. Jizoeze kwa minyoo usiowahitaji.

## Hatua ya 8: Msome kutoka kichwani hadi mkiani

Fuata mpangilio huu kila mara.

Amfidi. Ni viungo viwili vya kunusia, kimoja kila upande wa kichwa. Umbo lake linakuelekeza kwenye kundi kubwa: la mfuko kwa Enoplida, la duara kwa Xyalidae, la kujizungusha mara nyingi kwa Comesomatidae na Cyatholaimidae.

Vinyweleo vya kichwa. Mpango wa kawaida ni sita, sita, na vinne. Hesabu na pima.

Hapa tahadhari. Kwenye mchanga wa matumbawe wenye salfaidi utakuta minyoo wa kundi la Stilbonematinae, ambao mwili wao umefunikwa na bakteria. Kwa Eubostrichus, jenasi mojawapo ya kundi hilo, bakteria hao husimama mithili ya manyoya. Wapo waliotaka kuwaelezea kama vinyweleo vya mnyoo. Kama "nywele" zimejaa mwili mzima na zinabanduka, hizo si za mnyoo.

Kinywa na meno. Chukua familia ya Oncholaimidae, wenye kinywa cha pipa na meno matatu. Kwa Oncholaimus jino kubwa ni la upande wa kushoto wa tumbo. Kwa Viscosia ni la kulia. Ukikosea kushoto na kulia umebadilisha jenasi nzima.

Njia ya kutokosea: mweke kichwa kielekee juu. Upande wa tumbo ndio wenye mkundu na tundu la uzazi. Tumbo likielekea kushoto kwako, ubavu ulio juu, unaouona kwanza ukishusha lenzi, ni wa kushoto. Hakikisha pia programu ya kamera haijageuza picha kama kioo.

Ngozi. Laini, yenye mistari, au yenye nukta? Nukta zimepangwaje ubavuni?

Koromeo. Linaishia na tufe au la?

Uzazi. Ovari moja au mbili, zimenyooka au zimekunjwa? Jike wa Xyalidae ana moja iliyonyooka kuelekea mbele.

Mkia. Mrefu mwembamba au koni? Una vinyweleo nchani? Theristus hana vinyweleo vya nchani, Daptonema anavyo. Ndugu hawa wawili huchanganywa kila siku, na jibu lipo mkiani.

Ukifika hapa unapaswa kuwa na jina la jenasi. Funguo za picha zilizotengenezwa kwa minyoo wa Uingereza zitakufikisha kwenye jenasi bila shida. Usizitumie kufika kwenye spishi, kwa sababu hazikuandikwa kwa bahari yetu.

## Hatua ya 9: Pima

Chora kwanza, ndipo upime juu ya mchoro, ukifuata mstari wa katikati ya mwili. Uwiano wa De Man ndio lugha ya pamoja:

- a = urefu wa mwili ÷ upana mkubwa kabisa
- b = urefu wa mwili ÷ urefu wa koromeo
- c = urefu wa mwili ÷ urefu wa mkia
- V = umbali kutoka kichwani hadi tundu la uzazi, kama asilimia ya urefu

Tuseme jike ana urefu wa maikromita 1200, upana 30, koromeo 200, mkia 120, tundu la uzazi liko 780. Basi a = 40, b = 6, c = 10, V = 65%.

Spikula pima kwa kufuata mpindo wake, kisha uandike kwamba ndivyo ulivyopima. Wengine hupima kutoka ncha hadi ncha kwa mstari ulionyooka, na bila maelezo namba hizo mbili zitaonekana kama spishi mbili.

## Hatua ya 10: Je, ni mpya kweli?

Fungua hifadhidata ya NeMys mtandaoni, toa orodha ya spishi zote halali za jenasi yako. Kisha tafuta maelezo ya asili ya kila moja. Muhtasari wa mtu mwingine hautoshi. Mengi ya zamani yako kwa Kijerumani na Kifaransa. Sebastian Gerlach, kwa mfano, alielezea minyoo mingi ya Maldives mwaka 1962 kwa Kijerumani, na Maldives ni Bahari hii hii ya Hindi. Kwa maji ya kina kirefu, anza na kazi ya mwaka 1997 ya Agnes Muthumbi wa Kenya na wenzake kuhusu Comesomatidae. Asiyeyasoma haya huishia kumpa jina jipya mnyoo mwenye jina.

Tengeneza jedwali: spishi kwa mistari, sifa kwa safu. Mnyoo wako ajitenge kwa sifa zaidi ya moja, na walau moja iwe ya umbo, kama vile muundo wa spikula. Tofauti ya urefu peke yake hubadilika kwa chakula na umri. Ukiwa na dume mmoja tu, andika "sp. 1", yaani spishi ambayo bado haijapewa jina, na urudi pwani.

## Hatua ya 11: DNA

Tumia minyoo wa DESS. Mpige kila mmoja picha na video kwenye slaidi ya muda kabla hujamsaga, kwani baada ya hapo hayupo. Soma kipande cha jeni ya 18S na cha jeni ya 28S (sehemu ya D2-D3). Jeni ya COI hutenganisha ndugu wa karibu vizuri zaidi ila mara nyingi hukataa kunakiliwa maabara.

DNA inaweza kupindua jedwali lako. Litoditis marina alihesabiwa spishi moja mpaka DNA ikaonyesha kundi la spishi zinazofanana kwa macho. Kutokuwa na mfuatano unaolingana kwenye GenBank, hifadhidata ya mifuatano ya DNA, hata hivyo, si ushahidi wa upya. Spishi nyingi zenye majina hazijawahi kusomwa DNA.

## Hatua ya 12: Jina na holotaipu

Chagua dume aliyehifadhiwa vizuri kuliko wote awe holotaipu (kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi), wengine wawe parataipu (vielelezo vya kuunga mkono). Makala itaje taasisi yenye kuwahifadhi na namba zao. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai holotaipu na taasisi yake zitajwe, na jina jipya lisilo na kielelezo cha msingi kilichotajwa halihesabiki. Jarida likiwa la mtandaoni tu, makala lazima isajiliwe ZooBank, sajili rasmi ya majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa, na namba ya usajili ionekane ndani yake.

Jina la spishi likiwa kivumishi lifuate jinsia ya jenasi. Ukitaka kuiheshimu Zanzibar, itakuwa *Theristus zanzibarensis* au *Viscosia zanzibarensis*, lakini *Daptonema zanzibarense*. Angalia NeMys kwanza kama jina hilo halijachukuliwa ndani ya jenasi, kisha zungushia kifuniko cha slaidi ya holotaipu rangi ya kucha, tabaka mbili, kabla ya kuikabidhi.